Dawa Iliyotoka kwa Ng'ombe Waliovuja Damu

Leo tunazungumza juu ya dawa ya kuzuia damu kuganda, ile inayoitwa warfarini, na juu ya kipimo cha damu kinachoandamana nayo. Kipimo hiki kimewachosha watu. Hapa Gikomba nimewasikia kina mama wakilalamika, "Sista, kila nikienda kliniki ni sindano tu, hii damu mnaipeleka wapi?" Kuna na swali lingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, hasa baada ya jirani kusoma ile karatasi iliyo ndani ya pakiti. Je, ni kweli dawa hii ni sumu ya panya?

Ni kweli. Ilianza kuuzwa kama sumu ya panya kabla haijawa dawa ya binadamu. Afadhali ulisikie jambo hili hapa, lote kwa ukamilifu, kuliko kusikia nusu yake kwa mtu anayeuza dawa ya panya na kunguni kando ya barabara, halafu urudi nyumbani uitupe kwenye choo. Anayeiacha ghafla anaweza kupata damu iliyoganda kwenye moyo, na kipande chake kikipanda hadi kwenye ubongo, ni kiharusi. Kwa hiyo leo sitaanza na orodha ya mambo usiyofaa kufanya. Nitakueleza dawa hii ilitoka wapi, kwa sababu ukijua historia yake utaelewa kwa nini tunakuita kupimwa tena na tena.

Kwanza tukumbushane ni nani anayeitumia. Katika mitaa yetu ya Pumwani, Majengo, Shauri Moyo na Kamukunji, wengi ni watu ambao milango ya moyo, yaani vali, iliharibika wakiwa watoto. Koo lilimuuma mtoto, halikutibiwa vizuri, mwili ukajishambulia wenyewe, moyo ukaumia pole pole. Wengine wamefanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya chuma. Wengine ni kina mama waliopata damu iliyoganda kwenye mguu wakati wa uja uzito au baada ya kujifungua. Wote hawa, damu yao inahitaji kuzuiwa isigande ovyo, lakini isizuiwe hadi ikavuja.

Sasa turudi nyuma, miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani. Wafugaji walikuwa wamepanda majani ya mifugo yanayoitwa klova tamu. Majani hayo yalikuwa ya bei nafuu na yalistahimili udongo mbaya. Miaka ya mvua nyingi nyasi kavu zilipata ukungu kabla ya kukauka vizuri, na kwa kuwa watu hawakuwa na chakula kingine cha kuwapa, ng'ombe walikula hivyo hivyo. Basi wakaanza kufa. Ng'ombe aliyekatwa pembe alivuja damu mpaka akafa. Fahali aliyehasiwa, vivyo hivyo. Wengine walivujia ndani kwa ndani bila hata kidonda.

Daktari wa mifugo Frank Schofield, wa jimbo la Ontario nchini Kanada, alifanya jambo ambalo mpishi yeyote angelielewa. Alichagua mashina mazuri na mashina yaliyoharibika kutoka nyasi zile zile, akawalisha sungura. Aliyekula mazuri akaishi, aliyekula yaliyooza akavuja damu akafa. Hapo akajua shida si ugonjwa wa kuambukiza, ni ule ukungu. Baadaye mwenzake wa Marekani, Lee Roderick, akaonyesha kwamba damu ya ng'ombe hao ilikuwa imepungukiwa na kitu kinachosaidia kuganda.

Lakini kitu chenyewe kilichokuwa kwenye nyasi hakikujulikana. Mwezi wa Februari mwaka 1933, mfugaji mmoja wa jimbo la Wisconsin, Ed Carlson, aliendesha gari lake kwenye dhoruba ya theluji, mwendo wa kilomita kama 300, akiwa na mtamba aliyekufa, mkebe wa maziwa uliojaa damu isiyoganda, na mzigo wa nyasi zilizooza. Ilikuwa Jumamosi na ofisi ya daktari wa mifugo ilikuwa imefungwa. Alibisha kwenye jengo la chuo kikuu mjini Madison, akamkuta mtaalamu wa kemia aitwaye Karl Paul Link. Link hakuwa na dawa ya kumpa siku hiyo. Alichoweza kumwambia ni aache kuwalisha zile nyasi, na kama kuna ng'ombe wagonjwa, awaongezee damu ya ng'ombe wazima. Hebu mfikirie mfugaji yule akirudi nyumbani usiku kwenye theluji na jibu la aina hiyo.

Link na wanafunzi wake walifanya kazi miaka sita. Mwaka 1939 walipata chembe nyeupe, na mwaka 1940 wakajua imeundwaje. Iliitwa dikumaroli, na kuanzia mwaka 1941 madaktari wa Marekani waliijaribu kwa wagonjwa wenye damu inayoganda ovyo. Link aliendelea kutengeneza ndugu za dawa hiyo, na mmoja ulikuwa na nguvu zaidi. Huo ndio warfarini. Jina lake limetokana na herufi za kwanza za shirika la chuo lililogharimia utafiti, WARF, na mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kuua panya. Ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu panya ni mwerevu. Akiona mwenzake amekula na kufa papo hapo, haligusi tena. Warfarini haiui papo hapo. Panya hula leo, hula kesho, na siku kadhaa baadaye damu yake haigandi tena.

Shika jambo hilo, mama: siku kadhaa. Hata kwa binadamu, kidonge ulichokunywa leo hakionyeshi kazi yake kamili leo. Kinaonekana kwenye damu baada ya siku mbili, tatu, au zaidi. Ndiyo sababu daktari akibadilisha kipimo cha dawa anakwambia urudi baada ya siku chache au wiki, wala hapimi saa hiyo hiyo. Na ndiyo sababu ukisahau leo huoni shida yoyote kesho, ukadhani dawa haina maana.

Sasa ilivukaje kutoka kwa panya hadi kwetu? Mwaka 1951 kijana mmoja aliyekuwa ameandikishwa katika jeshi la Marekani alitaka kujiua. Alikula sumu hiyo ya panya kwa siku kadhaa. Alipofikishwa hospitali akivuja damu, alipewa vitamini K na kuongezewa damu, akapona kabisa. Madaktari wakaona mambo mawili. Kwanza, mwili wa binadamu unaweza kuistahimili. Pili, na hili ndilo kubwa, dawa ya kuirudisha nyuma ilikuwapo. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutumiwa kwa watu. Mwaka 1955 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alipopata mshtuko wa moyo, alikuwa miongoni mwa walioitumia. Kama ni sumu, basi waliinywesha ikulu.

Hiyo vitamini K nayo ina hadithi yake, na wewe uliyejifungua Pumwani pale jirani umeiona bila kujua. Mtaalamu wa Denmark, Henrik Dam, aligundua mwaka 1929 kwamba vifaranga waliolishwa chakula kisicho na mafuta walivuja damu chini ya ngozi. Alitafuta kilichokosekana, na mwaka 1935 akakiita vitamini K, kutoka neno la lugha yao la kuganda. Alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy wa Marekani. Leo mtoto mchanga anapozaliwa hudungwa sindano ya vitamini K kwenye paja, ili asivuje damu kwenye ubongo au tumbo. Ini letu hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Warfarini inaizuia vitamini K isifanye kazi hiyo. Mmoja anavuta huku, mwingine kule, na wewe uko katikati. Kipimo cha damu ndicho kinachotuonyesha ni nani anayeshinda wiki hii.

Na sukuma wiki imo ndani ya mvutano huo. Pia managu, terere, kunde, spinachi na kabeji, ingawa kabeji si sana. Zote zina vitamini K. Watu wengine wakiambiwa hivyo huacha mboga kabisa, na hiyo si sawa. Mboga ni afya, na mfuko wa mama wa Gikomba hauna nafasi ya kununua nyama kila siku. Kinachotakiwa ni kula kiasi kile kile wiki hii na wiki ijayo, ili daktari apime dawa kulingana na chakula chako. Ukila mboga kila siku mwezi mzima, kisha mwisho wa mwezi pesa zikaisha mkala ugali na chai, namba yako itapanda ingawa hukukosea kidonge. Sema hivyo kliniki. Usione haya.

Tuje sasa kwenye namba yenyewe. Mwaka 1935 Armand Quick wa Marekani alitengeneza kipimo cha kuhesabu sekunde ambazo damu huchukua kuganda. Damu hutiwa kitu cha kuichochea, na zamani kitu hicho kilitolewa kwenye ubongo wa sungura. Shida ilikuwa kwamba kichocheo cha maabara hii hakikuwa sawa na cha maabara ile. Uingereza walitumia kichocheo kikali, Marekani wakatumia kilicho dhaifu. Damu ile ile ilitoa jibu moja hapa na jingine kule. Madaktari wa Marekani, wakifuata majibu yao, waliwapa wagonjwa dawa nyingi zaidi, na wengi wakavuja damu. Ilikuwa kama kununua unga kwa gorogoro mbili zisizolingana.

Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilikubali njia ya kusawazisha majibu hayo yote. Hiyo ndiyo INR unayoiona imeandikwa kwenye kitabu chako. Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya chuma, hasa ile ya upande wa kushoto kati ya vyumba viwili vya moyo, mara nyingi hutakiwa kuwa juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo damu inaweza kuganda. Ikipita 4 au 5, hatari ya kuvuja inaongezeka. Nafasi ya usalama ni nyembamba hivyo, na huwezi kuihisi mwilini. Mtu mwenye INR ya 6 anaweza kuja akitembea vizuri, akibeba mzigo wa mitumba mgongoni, na asijue lolote.

Kwa hiyo jibu la swali la sumu ni hili. Kilichomuua ng'ombe wa Carlson na panya wa ghalani ni kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu. Kwako wewe kuna anayehesabu. Ondoa kipimo, na kidonge hicho kinarudi pale kilipotoka.

Najua kuna hofu nyingine, ya kutolewa damu, na katika mtaa huu ina mizizi mirefu. Wazee wa Pumwani walikuwa wakisimulia habari za wazimamoto wakati wa ukoloni, kwamba gari lao jekundu lilipita usiku likikamata watu ili wanyonywe damu. Pwani na Tanganyika waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wazee wengi wa Nairobi na kwingineko, na mwaka 2000 alichapisha kitabu kizima juu ya masimulizi hayo. Mimi siwacheki waliosimulia. Serikali ya wakati huo iliwachukua watu kazi, ikawachanja, ikawapima bila kuwaeleza chochote, na mtu asiyeelezwa hujieleza mwenyewe. Hata leo muuguzi akichukua chupa tatu bila kusema neno, mama atakuwa na haki ya kuuliza. Uliza. Chupa ya INR huingia damu isiyofika hata kijiko kimoja kidogo cha chai. Mwili wa mama mzima una lita nne hadi tano. Damu hiyo mwili huirudisha wenyewe, na baada ya kupimwa hutupwa, haiuzwi.

Mahali penye mashine ndogo, hutolewa tone moja tu kwenye kidole, na jibu hutoka dakika hiyo hiyo. Mfano mzuri uko Eldoret. Katika hospitali ya Moi, mwishoni mwa mwaka 2008, wafamasia walianzisha kliniki ya warfarini wakitumia mashine hiyo ya kidole. Mgonjwa anapimwa, anaulizwa amekula nini na amekunywa dawa gani nyingine, anabadilishiwa kipimo cha dawa hapo hapo, anaenda nyumbani. Matokeo waliyochapisha baadaye yalionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana hapa kwetu, wala si ya Ulaya peke yake. Kama hospitali unayokwenda ina mashine ya kidole, omba itumike, hasa ukiwa na mtoto ambaye mishipa yake haionekani.

Ukipimwa kwa mshipa, kunywa maji ya kutosha kabla ya kutoka nyumbani, na umwambie sista mkono uliochomwa mara ya mwisho. Baada ya sindano bonyeza pamba kwa nguvu dakika tano kamili, usikunje mkono tu, kwa sababu damu yako inachelewa kuganda. Mtoto usimdanganye kwamba hakuna kitakachouma. Mwambie itauma kidogo na itaisha, mpakate, mpe kitu cha kutazama. Mtoto aliyedanganywa mara moja hupigana mara kumi zinazofuata.

Mwanzoni kipimo huwa karibu karibu, hata mara mbili kwa wiki. Namba ikitulia, huwa kila mwezi hivi. Nauli na foleni ni mzigo, hasa kwa anayeuza sokoni na kupoteza siku nzima. Uliza kliniki kama unaweza kuja siku moja kwa INR na kwa ile sindano ya penisilini ya kulinda moyo. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeshikwa na mamlaka mpya ya SHA, kwa hiyo uliza pia kama kipimo chako kinalipiwa. Kitabu kiweke pamoja na kitambulisho, na kwa kuwa moto si mgeni hapa Gikomba, kipige picha kwa simu pia. Andika nguvu ya kidonge kwa miligramu, usitegemee rangi, maana kampuni hutofautiana.

Kuna dawa zinazovuruga namba hii vibaya. Fulajili na septrini huipandisha. Dawa ya TB, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, huishusha sana. Aspirini, brufeni na diklofenaki huongeza kuvuja, kwa hiyo kwa maumivu ya kawaida tumia panadoli, tena kwa kiasi. Ukiongezewa dawa yoyote dukani au hospitalini, hata ya mitishamba, omba INR baada ya siku chache. Ukiona fizi au pua zinatoa damu isiyokoma, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, hedhi isiyo ya kawaida, au ukiumia kichwa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo. Na ile sumu ya panya iliyo nyumbani ifiche mbali na watoto, kwa sababu nyingi za siku hizi zina nguvu kuliko warfarini, na nyingine ni kemikali tofauti kabisa.

Jambo la uja uzito nalisema peke yake. Warfarini huweza kuharibu mtoto tumboni, zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ukitaka kupata mtoto, ongea na daktari kabla. Ukikosa hedhi, nenda mara moja, usingoje mwezi wa nne kama wengi wanavyofanya kuanza kliniki. Lakini usiache dawa mwenyewe, kwa kuwa mwenye vali ya chuma anaweza kupoteza maisha kabla ya mtoto kuzaliwa. Kuna dawa ya kubadilishia, heparini, iliyoanza mwaka 1916 kutokana na kazi ya mwanafunzi Jay McLean, aliyeipata kwenye ini la mbwa. Hudungwa kwa sindano na haivuki kwenda kwa mtoto. Baada ya kujifungua, mama anayetumia warfarini anaweza kunyonyesha bila wasiwasi.

Wengine mmesikia habari za vidonge vipya visivyohitaji kipimo. Vipo, na Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Vinawafaa wagonjwa wengi. Lakini kimoja kilipojaribiwa kwa watu wenye vali ya chuma, utafiti ulisimamishwa mapema mwaka 2012, kwa sababu walioganda damu na waliovuja walikuwa wengi kuliko wa warfarini. Na mwaka 2022 yalitoka majibu ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wenye moyo ulioharibika kutokana na ugonjwa wa koo na mapigo yasiyo na mpangilio. Waliotumia warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia kidonge kipya, na hawakuvuja damu zaidi. Kwa hiyo mtu akikuuzia kidonge kipya dukani akikwambia utapumzika na sindano, mwonyeshe kwanza daktari wako, ukiwa na kitabu mkononi.